Mrejesho: Chromebook tatu zimekubali Linux, moja imegoma

Wakuu, niliuliza kuhusu zile Chromebook nne za mtumba, Acer C720 (laptop za ChromeOS ya Google), zilizokataa kuwaka na flashi ya Linux, mfumo endeshi ninaotaka kuweka badala yake. Mlioniambia nifungue mfuniko wa chini, asanteni. Kuna skrubu kwenye ubao mama inayozuia fimwea (programu ya ndani inayowasha mashine) isibadilishwe. Kaskrubu kadogo, ka kwanza kaliniponyoka nilipokafungua, nikakasaka sakafuni nusu saa. Nikahifadhi fimwea ya zamani kwenye flashi, nikaweka ya UEFI, aina inayokubali kuwasha mifumo mingine, na Debian (toleo mojawapo la Linux) ikaingia. RAM ni GB 2, kwa hiyo nimetumia LXQt, muonekano mwepesi wa madirisha na menyu. Inatosha.

Ya nne bado imesajiliwa kwa shule iliyokuwa ikiitumia, kwa hiyo hata hali ya msanidi (developer mode, inayoruhusu kubadilisha mfumo) imefungwa. Muuzaji alijua huyu! Nimempigia, anasema nimrudishie Jumamosi.