Tumechoka kuuziwa nyaya za USB zinazochaji tu huku pakiti imeandikwa "data"

Wakuu, salamu.

Nataka nielezwe na yeyote anayejua: ni kwa haki gani waya wa USB usio na njia ya data unafungwa kwenye pakiti sawa na ya waya kamili, unawekewa kichwa kilekile, unauzwa bei ileile, na juu ya pakiti panaandikwa kabisa kwamba unachaji na kuhamisha data? Msiniambie ni ubovu. Kitu kibovu ni kile kilichokuwa kizima kikaharibika. Waya huu umetoka kiwandani ukiwa pungufu, na aliyeichapa ile pakiti alijua anachokiandika.

Nina steshenari hapa Dar es Salaam. Kopi, kuprinti, kuskani, picha za pasipoti, kuwajazia watu maombi ya mtandaoni. Siku hizi karibu kila kazi inaanzia kwenye simu ya mteja: cheti amekipiga picha, barua katumiwa WhatsApp, kitambulisho kiko kwenye galari. Ukifika msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo, foleni inatoka nje ya mlango. Sasa katikati ya foleni hiyo mteja anatoa waya wake mpya, anauchomeka, simu inaanza kuchaji, kompyuta kimya. Hakuna mlio, hakuna dirisha linalofunguka. Anaanza kuniangalia mimi, na walio nyuma yake wananiangalia mimi.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni mama mmoja aliyekuja wiki hii. Simu yake kioo kimevunjika, upande wa chini haugusiki tena, inafunguka kwa alama ya kidole tu. Ndani kuna picha za msiba wa baba yake ambazo alitaka zitolewe kabla simu haijafa moja kwa moja. Alishapita kwa fundi. Fundi akatumia waya wa mama huyo huyo, akaona laptopu haisomi, akamwambia chaji sistimu, yaani sehemu ya simu inayopokea chaji, imekufa. Ikabadilishwa kwa shilingi 35,000. Haikusoma. Akaambiwa basi sasa hilo ni tatizo la bodi, na bodi ni gharama nyingine. Alipofika kwangu ameshakata tamaa, ananiuliza kama naweza kuzifungua picha moja moja kwenye kile kioo kilichopasuka nizipige kwa simu yangu.

Nikachukua waya wangu, nikachomeka. Mlio wa Windows ukatoka palepale. Nikateremsha arifa pale juu, ambako kioo kilikuwa bado kinagusika, nikachagua kuhamisha faili, folda ya DCIM, ambamo simu huhifadhi picha, ikafunguka na picha zote zimo. Nikadhani atafurahi. Akaniuliza, "Kwa hiyo ile elfu thelathini na tano imekwenda bure, mwanangu?" Nilikosa la kumjibu.

Ule waya wake aliniachia, na jioni nikaupasua kwa wembe. Kwa nje ni mzuri kuliko wangu: mnene, umefumwa kwa nyuzi nyekundu na nyeusi, vichwa vya chuma. Ndani nimekuta nyaya mbili nyembamba, moja nyekundu na moja nyeusi. Nafasi yote iliyobaki imejazwa uzi mweupe wa kushonea na mpira laini. Unene wote ule ulikuwa wa kujazia. Waya kamili wa USB 2.0 una nyaya nne: nyekundu inaleta umeme wa volti 5, nyeusi inaurudisha, halafu nyeupe na kijani ndizo zinazobeba data, na kwa kawaida zote zinafunikwa kwa karatasi ya alumini kuzuia mwingiliano. Nyeupe na kijani hapa hazimo. Hazijakatika, hazikuwekwa.

Kilichoniudhi zaidi ni kile kichwa kipana kinachoingia kwenye kompyuta. Ukichungulia unaona meno manne ya kupitishia umeme, yote yanang'aa. Nikakibomoa. Yale mawili ya pembeni yameunganishwa. Yale mawili ya katikati, ambayo ndiyo ya data, nyuma yake hayana kitu. Wameyaweka ili mnunuzi akichungulia ayaone yapo. Kwa hiyo msije mkaniambia hapa kwamba muuzaji wa mwanzo alipitiwa.

Kwa wasiojua kwa nini kompyuta inakaa kimya kabisa, sababu ni hii. Simu inapochomekwa, inajitambulisha kwa kupandisha volti kwenye waya mmoja wa data kupitia rizista ya ohm 1,500. Kompyuta ikiiona volti hiyo ndipo inajua kuna kifaa, inaanza kukiuliza: wewe ni nani, wa kampuni gani, unafanya nini. Kama waya wa data haupo, volti haifiki, swali haliulizwi. Kwa upande wa kompyuta hakuna aliyegonga mlango. Wakati huohuo nyekundu na nyeusi zinaendelea na kazi yao, ndiyo maana simu inaonyesha inachaji na kila mtu anaapa kwamba waya ni mzima. Kwa hiyo ukiona simu inachaji na kompyuta haijatoa hata ujumbe wa lawama, acha kuhangaika kupakua draiva, acha kupiga Windows upya. Badilisha waya kwanza. Kompyuta ikisema imeona kifaa lakini haikitambui, hapo kuna nyaya za data na tatizo liko kwingine: uchafu kwenye tundu, waya uliochoka, au kweli chaji sistimu.

Na msiseme ni jambo dogo la waya wa elfu tano. Hesabuni linakopita. Mtu anaambiwa apige reset, anapiga, picha za mtoto wake za miaka yote zinakwenda. Mtu anabadilishiwa chaji sistimu nzima. Mwanafunzi anakosa kuambatanisha cheti dirisha la maombi linafungwa. Mimi napoteza wateja, wanaondoka wakisema kompyuta za pale ni mbovu. Na aliyeuza ule waya hajulikani hata yuko mtaa gani, kwa sababu Kariakoo risiti ya waya wa chaji nani anaiomba?

Kuna atakayekuja kusema, "Mkuu, siku hizi nani anatumia waya? Tuma WhatsApp." Nimeshaambiwa hilo na nimelichoka. WhatsApp ukituma kwa njia ya kawaida inaipunguza picha ubora, na picha ya pasipoti ikishapunguzwa inaonekana ikiprintiwa. Inatumia bando la mteja kupanda na bando langu kushuka. Bluetooth, jaribuni kuhamisha video ya harusi ya gigabaiti 2 mkae hapo masaa. Waya wa USB 2.0, teknolojia ya mwaka 2000, kwenye karatasi unabeba megabiti 480 kwa sekunde. Hata ukipata sehemu ndogo tu ya hizo, video ile inamalizika ndani ya dakika chache, bila bando, bila akaunti, bila nywila, na vocha ikiwa sifuri. Mwenye bando la mwezi hawezi kulijua hili. Waya ndiyo njia rahisi zaidi aliyonayo mtu asiye na bando ya kutoa vitu vyake kwenye simu. Ukimuuzia waya usio na njia hiyo, umemfungia vitu vyake mwenyewe ndani.

Nilidhani USB-C ingetuondolea balaa hili. Ilitangazwa mwaka 2014, kichwa chake kina nafasi za pini 24, unachomeka upande wowote, na kanuni zake zinataka waya uwe angalau na njia za data za USB 2.0. Kanuni ni za kwenye karatasi tu. Mtaani nimeshakutana na nyaya za USB-C zinazochaji tu, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya zaidi, maana sasa kichwa kimoja kinabeba kila aina ya waya: wa umeme mtupu, wa megabiti 480, mpaka wa gigabiti 80, na kwa macho huwezi kutofautisha. Hata kampuni kubwa hazitusaidii. iPhone 15 Pro ya mwaka 2023 ina uwezo wa gigabiti 10 kwa sekunde, lakini waya uliomo kwenye boksi lake ni wa USB 2, ukitaka kasi hiyo ununue mwingine. Angalau wao wameliandika, na waya wenyewe unapitisha data. Umoja wa Ulaya tangu 28 Desemba 2024 unalazimisha tundu la USB-C kwa simu mpya zinazouzwa kwao, na sheria hiyohiyo inataka mnunuzi aonyeshwe kifaa kinahitaji wati ngapi kuchaji. Kwa hiyo kuandika inawezekana. Wino haujaisha duniani.

Niwe mkweli pia kwamba siyo kila simu isiyosoma ni kosa la waya. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikichomekwa kwenye kompyuta inaanza kwa kuchaji tu, mpaka mwenyewe uteremshe arifa uguse ile ya USB uchague kuhamisha faili, na kioo kiwe kimefunguliwa. iPhone inakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo, usipokubali hazitoki picha. Hilo ni la usalama na siligombi: sitaki mtu achomeke simu yangu ikiwa imefungwa anyonye kila kitu. Na kompyuta zenye Windows toleo la N hazina ile sehemu ya kusomea simu mpaka uiongeze, hilo nalo limetesa wengi. Lakini tofauti iko wazi. Kwa waya mzima, chaguo la kuhamisha faili unaliona kwenye simu, unalichagua, basi. Kwa waya huu wa kihuni hulioni kabisa au halishiki, kwa sababu simu yenyewe inadhani imechomekwa ukutani.

Nimewafuata wauzaji. Mmoja ameniambia, "Kaka, wateja wanataka chaji, wanaotaka data ni wachache." Sawa. Basi waandikie hao wengi kwamba huu ni wa chaji tu, uwauzie kwa bei yake, wale wachache wachukue mwingine. Mwingine akasema waya wa chaji tu ni mzuri kwa usalama, ukichajia stendi au hotelini hakuna wa kukuibia data. Hoja hiyo ni ya kweli, na wapo wanaozitengeneza nyaya hizo kwa kazi hiyo hasa, wanaziandika hivyo na mnunuzi anajua anachonunua. Wewe umeandika "data". Wa tatu hakujibu, alinionyesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kibao hicho hakiko juu ya sheria. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa, na tuna Tume ya Ushindani yenye kazi ya kuisimamia. Tuna TBS upande wa viwango. Nimeshaanza kuandika malalamiko yangu, na sitaki yaende peke yake, kwa sababu malalamiko ya mtu mmoja kuhusu waya mmoja ni rahisi kuwekwa chini ya mafaili. Ninachoomba ni kitu kimoja: kila waya wa USB unaoingia nchini uandikwe juu ya pakiti na juu ya waya wenyewe kama unapitisha data au haupitishi. Usiopitisha ukiandikwa unapitisha, uondolewe sokoni na aliyeuingiza ajibu. Siombi nyaya za chaji tu zipigwe marufuku.

Kwa sasa, kabla hujalipa: nenda dukani na simu yako, mwambie muuzaji auchomeke kwenye laptopu. Asiponayo, jirani yake anayo. Isubiri kompyuta itoe mlio na simu ikuletee chaguo la kuhamisha faili. Akikuambia waya unajaribiwa kwa kuchaji tu, mrudishie waya wake na usogee duka la pili. Usiuamini unene, usiiamini bei. Huo nilioupasua ulinunuliwa shilingi 12,000, na waya ninaotumia ofisini kila siku ulikuja bure na simu ya zamani.

Mafundi mliomo humu, nawaomba sana: msifungue simu ya mtu kabla ya kujaribu waya mnaoujua ninyi wenyewe. Wekeni waya mmoja wa ofisi, uwekeeni alama, asiuguse mtu mwingine.

Na wenye nyaya zilizowagomea, wekeni hapa picha mbili: pakiti upande wenye sifa, na ndani ya waya kama mmeupasua. Msiweke jina la duka, wekeni maandishi ya pakiti na bei. Za kwangu nazipandisha usiku nikishafunga ofisi. Zikifika za kutosha nitaziambatanisha zote kwenye barua, na nakala ya barua nitaileta humuhumu muisome kabla sijaipeleka.