Kaunti zinajenga madarasa ya chekechea, mwalimu anaachiwa posho

Wadau, jambo hili limenikaba koo. Nalimwaga hapa lote, kwa sababu nimechoka kusikia eti "kaunti haina pesa" ya kumlipa mwalimu wa chekechea.

Hapa Kenya, tangu 2013 elimu ya awali iko mikononi mwa kaunti. Katiba ya 2010 imeliandika hilo waziwazi: Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kipengele cha 9. TSC, tume ya kuajiri walimu, humsajili mwalimu wa PP1 na PP2 (miaka miwili ya chekechea kabla ya gredi ya kwanza) lakini haimwajiri. Ndiyo maana ndani ya ua mmoja wa shule, mwalimu wa gredi ya kwanza yuko TSC kwa masharti ya kudumu, na yule anayemwandalia watoto hao hao yuko kwa mkataba wa kaunti. Mtoto naye akifika gredi ya kwanza hutengewa na serikali kuu shilingi 1,420 kwa mwaka. Akiwa bado PP2, darasa la jirani, serikali kuu haimtengei hata senti.

Tupige hesabu. Chukua mkataba wa shilingi 10,000 kwa mwezi, kiwango ambacho baadhi ya kaunti zimekuwa zikilipa. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6 ni 600. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75 ingekuwa 275, lakini kiwango cha chini ni 300, kwa hiyo anakatwa 300. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 150. Anabaki na 8,950. Hapo hajapanda matatu, hajalipa kodi ya nyumba, hajanunua unga. Halafu huyo huyo anaambiwa cheti chake hakitoshi, akasome diploma kwa karo yake mwenyewe!

Chanzo kiko kwenye jinsi bajeti inavyopangwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kanuni zake za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimeshavuka hapo. Sasa angalia: darasa linahesabiwa kuwa maendeleo, mwalimu anahesabiwa kuwa matumizi ya kawaida. Gavana akijenga darasa anasogea upande wa kutii sheria. Akimwajiri mwalimu wa kuingia humo, anasogea upande wa kuivunja. Isitoshe, darasa hukatiwa utepe mbele ya kamera. Kwa hiyo tunapata kuta mpya, mabati mapya, na watoto wamerundikana kwa mwalimu mmoja.

Njia ya kukwepa kikomo hicho imekuwa kuita mshahara "posho" na ajira "mkataba". Fungueni kitabu cha bajeti cha kaunti yenu mjionee. Nambari 2110100 ni mishahara ya wafanyakazi wa kudumu. Nambari 2110200 ni ujira wa wafanyakazi wa muda. Mkiwakuta walimu wa chekechea kwenye hiyo ya pili, jueni mkataba ukiisha hakuna anayelazimika kuuhuisha. Wengine hata hawamo kwenye mfumo rasmi wa mishahara, wanalipwa kwa orodha ya mkono, jambo ambalo Mdhibiti wa Bajeti amelilalamikia katika ripoti zake. Kifungu cha 219 cha Katiba kinataka mgao wa kaunti utumwe bila kuchelewa na bila kukatwa, lakini Hazina Kuu huchelewa kila mwaka. Na mwaka wa fedha 2024/25, bilioni 400.1 zilizokuwa zimepitishwa kwa kaunti zote 47 zilishushwa hadi bilioni 387.4 baada ya Muswada wa Fedha wa 2024, uliokuwa wa kuongeza kodi, kuangushwa. Upungufu wa namna hiyo humpiga kwanza asiye na ajira ya kudumu.

Mafunzo ndiyo yananiudhi zaidi. Zamani vituo vya DICECE, vya wilaya vya elimu ya awali, viliwafunza walimu walio kazini wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, kwa miaka miwili, na mwalimu hakuacha watoto wake. Leo pesa za mafunzo ziko nambari 2210700, na mstari huo huo hubeba semina za maafisa wa makao makuu. Hata ukitumika wote, kitabu hakikwambii kama mwalimu mmoja wa PP1 alifunzwa. Na bajeti ya ziada ikija, mstari huo ni rahisi kufyekwa kwa sababu hakuna mkandarasi wa kwenda mahakamani.

Kuna wanaosema serikali kuu itoe ruzuku yenye masharti, yaani pesa za kutumika kwa kazi hiyo tu. Mimi sikubali. Ruzuku hizo hungoja sheria ya mgao wa nyongeza ambayo hukwama bungeni mara kwa mara, na siku ikikoma mwalimu anarudi alikotoka. Ninachotaka ni programu ya elimu ya awali kwenye kitabu iwe na mishahara ya kudumu yenye idadi ya walimu kando yake, na mafunzo ya walimu yatengwe na safari za maafisa.

Msingoje Juni, bajeti inapopitishwa. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti lazima ufike bunge la kaunti kufikia Februari 28, na viwango vya juu vya kila idara vinawekwa humo. Makadirio yanafuata kufikia Aprili 30, na wakati huo mnagawana kilichokwisha pimwa. Pelekeni maoni kwa maandishi, mtaje nambari za mistari, na mdai muhuri wa kupokelewa.

Aliye na kitabu cha kaunti yake aweke hapa takwimu mbili za elimu ya awali: ya ujenzi, na ya 2110100. Tuanze na hizo.