Makovu ya mdomoni yaliyosababishwa na popoo: je, nikiacha hatari ya saratani itaondoka?

Mwenye duka, Jinja

Ndugu zangu, nina umri wa miaka 41 na nimetafuna popoo, ile kokwa ngumu ya mpopoo, kwa miaka 16, kwanza kwenye tambuu yenye katu na chokaa niliyozoeshwa na tajiri wangu wa zamani, kisha ile ya pakiti ndogo isiyohitaji jani wala kisu. Tangu mwaka juzi, pilipili kidogo tu kwenye katogo hunichoma mdomo mzima, na sasa roleksi, chapati ya kuviringishwa na mayai, naila kwa kuichana vipande, maana mdomo haupanuki. Zahanati ya kwanza ilinipa vitamini na dawa ya kusukutua, wala hakuna aliyeniuliza ninatafuna nini. Juzi daktari wa meno alinipapasa mashavu kwa ndani, akasema nina makovu chini ya utando wa mdomo na kwamba huenda yakaleta saratani. Popoo nimeiacha, leo ni wiki ya tatu. Je, hatari hiyo ni kubwa kiasi gani?

Tabibu wa meno, Kampala

Pole, ndugu yangu. Popoo ina kemikali iitwayo arekolini inayochochea chembe za mwili kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia nyama ya mwili, kupita kiasi, na madini yake ya shaba huzifanya nyuzi hizo zishikamane na kuwa vigumu kuvunjwa, ndiyo maana shavu lililokuwa laini hugeuka jeupe na kukakamaa kama ngozi ya ngoma. Hata hivyo, saratani huota kwenye utando unaofunika kovu, si ndani ya kovu lenyewe. Jambo hili wagonjwa wengi hawaelezwi: sindano za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, na mazoezi ya kupanua mdomo vinaweza kukusaidia kula, lakini mdomo kufunguka zaidi si ushahidi kwamba hatari imekwisha.

Kuhusu ukubwa wake, utafiti unaotajwa mara nyingi ulifanyika wilaya ya Ernakulam, India, na kuchapishwa mwaka 1985: kati ya wagonjwa 66 waliofuatiliwa kwa kipindi cha miaka 17, watano walipata saratani, yaani karibu wanane katika kila mia. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama hukumu yako. Kuacha kunaondoa kichocheo, nawe umefanya lililo kubwa kuliko dawa yoyote nitakayokuandikia, ila makovu yaliyokwisha kujengeka kwa kawaida hayarudi nyuma, na hatari haishuki hadi sifuri. Utahitaji kukaguliwa mdomo maisha yako yote, kila baada ya miezi michache. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, baka jekundu au jeupe, au uvimbe shingoni, usisubiri miadi: nenda ukatwe kinyama kipimwe. Sigara na pombe navyo uviweke kando.

Mama Kisenyi

Mimi nilidhani ubaya uko kwenye tumbaku tu. Pakiti anazonunua mume wangu hazina tumbaku.

Tabibu wa meno, Kampala

Dada, dhana hiyo ndiyo inayotuletea wagonjwa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 ilipiga marufuku tumbaku ya kutafuna, lakini popoo tupu si tumbaku, ingawa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka popoo yenyewe katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Wala ugonjwa huu si mgeni kwetu: mwaka 1952 mtafiti aitwaye Schwartz aliueleza kwa wanawake watano wa Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya. Mwambie mumeo asimamishe vidole vitatu kati ya meno ya mbele. Visipoingia, aje aonekane.

Mwenye duka, Jinja

Nimejaribu sasa hivi mbele ya kioo. Viwili vinaingia kwa kubana, cha tatu hakina nafasi. Alhamisi narudi kwa daktari, na pakiti tupu nitaibeba aisome mwenyewe.