Nimesoma agronomia, nataka kuhamia uchumi wa kilimo ila hesabu zinanitisha. Naombeni ushauri

Habari wakuu. Nina shahada ya agronomia, huu mwaka wa tatu nazunguka mashambani nikijaza madodoso ya miradi ya watu. Juzi nikamuuliza baba mmoja nani anaamua mavuno yauzwe lini. "Mimi." Mkewe alikuwa nyuma yake anapukuchua mahindi, akacheka. Nikaandika "mume", kisanduku chenyewe kimoja tu.

Kile kicheko hakijanitoka. Nataka uzamili wa uchumi wa kilimo, niwe mtunga maswali. Lakini kalkulasi niliigusa muhula mmoja, miaka sita iliyopita, na wenzangu wananiambia nibaki na mbegu na udongo wangu. Nifanyeje?

Mwanatakwimu: Dada, hesabu huikwepi. Muhula wa kwanza ni kalkulasi, matriksi na takwimu, mimi nililia. Anza miezi sita kabla. Ila usikariri kanuni tupu: pakua data za LSMS-ISA, tafiti za kaya na kilimo za Benki ya Dunia, ni bure, zinaonyesha hadi nani anasimamia kipande kipi cha shamba. Kuzichambua tumia R, programu ya takwimu, nayo ni bure; mwenzake Stata ni ya kununua. Wiki ya kwanza utaitukana kompyuta.

Jembe_Halimtupi: Hicho kisanduku wenzako walishakiona. Tafuta kipimo cha uwezo wa wanawake kwenye kilimo kinaitwa WEAI, kilizinduliwa 2012: mume na mke wa kaya moja wanahojiwa kila mtu kivyake. Halafu msome Elinor Ostrom. UCLA ilimkatalia uzamivu wa uchumi kwa sababu hakuwa na hesabu za kutosha. Akaenda sayansi ya siasa, akatafiti hadi wakulima wa Nepal wanavyogawana maji ya umwagiliaji, na 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi.

Kipimajoto: Ostrom ni mmoja, tusidanganyane. Mdogo wangu, uliza hela kwanza. Tafuta profesa mwenye mradi wenye fedha, umwandikie yeye kabla ya kuomba chuo. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, wanafadhili uzamivu kwa wanawake, lakini wamelenga sayansi asilia, uhandisi na teknolojia ya habari, kwa hiyo soma masharti kabla hujapoteza usiku kujaza fomu. Na kwenye barua anza na yule mama anayecheka. "Napenda kilimo tangu utotoni" wameshaisoma mpaka wamechoka.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimeweka R leo. Faili la kwanza tu limegoma kufunguka, naona maandishi mekundu. Mwanatakwimu, upo?

Mwanatakwimu: Nipo. Bandika hayo mekundu hapa.