Nimechimbua kipande cha njano, kizito, sijui ni nini. Naombeni ushauri wa haraka

Mchimba Kimya: Wakuu, habari za muda huu. Usingizi umenikataa. Nilikuwa nachimba shambani, jembe likagonga kitu kigumu. Kukitoa, ni kipande cha duara, upana wa kiganja, kwa chini kina mguu mnene ulioshikana nacho, rangi ya njano iliyofifia. Uzito wake si wa kawaida. Nyumbani anayejua ni shemeji tu. Swali langu: nitajuaje ni madini gani bila kwenda kwa sonara? Masonara wana midomo. La pili, nikichimba zaidi naweza kupata vingine? Nataka jibu leo, kuna mambo yananisubiri.

Nyundo: Uzi wa namna hii bila picha ni redio. Weka picha.

Mchimba Kimya: Picha hapana mkuu, kwa sababu za kiusalama.

Fundi Tupa: Picha achana nazo, anza na sumaku. Ikishika, hapo kuna chuma, na ndoto imeishia hapo. Isiposhika, angalia kutu. Kutu ya kahawia ni chuma, ya kijani ni shaba au mchanganyiko wenye shaba ndani. Dhahabu haishiki kutu hata ikikaa ardhini karne nyingi. Kisha pima uzito, kizamishe kwenye chombo kilichojaa maji hadi ukingoni, kinga maji yanayomwagika uyapime. Gawa gramu kwa mililita. Ikija karibu 19.3 ni dhahabu, 11.3 ni risasi, 8.9 ni shaba tupu, 7.9 ni chuma. Na tafadhali usije ukaanza kumwagia asidi ya naitriki humo ndani, moshi wake unaharibu mapafu. Jamaa yangu wa karakana alifanya hivyo chumba kimefungwa, akakohoa hadi watu wakadhani ana TB.

Bi Subira: Mwanangu, mimi swali langu ni jingine. Umemuuliza mwenye nacho? Ardhi haizai duara lenye mguu, kuna mtu alikitengeneza na kuna mtu alikiweka. Cha mtu mavi. Vijana mnakimbilia vya chini ya ardhi, vya juu vimewashinda kuvifanyia kazi.

Kipanga: Kinaweza kuwa kimondo hicho! Kile cha Hoba kule Namibia kiligunduliwa mwaka 1920 na mkulima aliyekuwa analima, jembe likakwama. Tani 60 hivi, hakijawahi kuhamishwa hadi leo. Baba yangu mdogo naye aliokota jiwe jeusi zito, linashika sumaku vizuri, akalifungia kabatini kwa miaka. Ukoo mzima tukawa tunagawana utajiri kwa mdomo. Siku moja mtu akamwambia alisugue nyuma ya kigae, ule upande usio na rangi wala mng'ao. Likaacha mstari mweusi. Magnetaiti ya kawaida kabisa, yaani jiwe lenye madini ya chuma. Alinuna, lakini kabati bado analifunga.

Fundi Tupa: Kipanga, mleta mada kasema njano na mviringo. Kimondo chenye mguu umekiona wapi?

Kipanga: Nilikuwa nachangia tu mkuu.

Mchimba Kimya: Asanteni. Sumaku haishiki kabisa. Kijani kipo kidogo kwenye mikunjo, lakini nadhani ni uchafu wa udongo. Nimepima: kilo 2, maji yaliyomwagika mililita 100. Kwa hiyo ni dhahabu, au nakosea?

Ticha Mizani: Kilo 2 kwa mililita 100 ni 20. Dhahabu safi ni 19.3. Kipande chako kimeipita dhahabu, kinaelekea platinamu ambayo ni 21.4, huku kina ukijani wa shaba. Vitu hivyo haviendi pamoja. Hata ungepata 19.3 kamili usingeruka, tangsteni, metali nyingine nzito, nayo uzito wake uko palepale, ndiyo maana matapeli huijaza ndani ya vipande vya dhahabu. Tumia mizani ya jikoni, upime tena.

Mtazamaji: Samahanini wakuu, mimi nimesoma mwanzo hadi mwisho na nasema hii ni chai. Hataki picha. Hataki sonara. Namba zimetua jirani ya dhahabu kimaajabu. Ana haraka ya leo leo. Nyuzi hizi tunazijua: wiki ijayo anakuja mtu kwenye inboksi, "ndugu nina mzigo, mmiliki anauza kwa shida." Wasimamizi, angalieni huyu.

Nyundo: Nilisema redio.

Bi Subira: Kama ni uongo, basi nimepoteza dua yangu bure.

Mchimba Kimya: Sijamwambia mtu anunue chochote hapa! Ile kilo 2 nilikadiria kwa mkono, mizani sikuwa nayo. Nimeazima sasa hivi: gramu 620, maji mililita 73. Na kama mnaona natunga, mtunzi gani angejua haya: katikati kina nukta iliyochimbwa, kuizunguka nukta kuna pembetatu ndogo, pembeni kuna herufi na namba zilizogongwa kwa patasi. Hapo ndipo nilipopata wazo la hazina, maana ni kama alama ya siri.

Ticha Mizani: 620 kwa 73 ni 8.5. Hiyo ni brasi, shaba iliyochanganywa na zinki. Dhahabu tuiage.

Pima Kwanza: Pembetatu yenye nukta katikati. Mkuu, kabla sijasema lolote, jibu mawili kwa ukweli. Kilikuwa kimezungukwa na zege? Na hapo ulipochimba pana mwinuko unaoona mbali?

Mchimba Kimya: Mbona haya maswali.

Pima Kwanza: Nijibu.

Mchimba Kimya: Zege lilikuwepo, sawa. Nililivunja kwa nyundo. Nilijua mtu hawezi kumwaga zege porini bila kuficha kitu cha thamani. Na ni juu ya kilima, ndiyo, mwisho wa shamba langu.

Pima Kwanza: Mwisho wa shamba lako au baada ya mwisho?

Mchimba Kimya: Mpaka wenyewe haueleweki pale. Watu wote wanapita.

Pima Kwanza: Basi hakuna hazina. Hiyo ni alama ya upimaji ardhi. Nimebeba vyombo vya upimaji sehemu kubwa ya maisha yangu, hizo sahani nimezikanyaga nyingi. Wapimaji hutafuta kilele, wanachimba, wanamwaga zege, wanasimika sahani ya brasi kwa sababu haiozi. Ile nukta ndiyo yenyewe: mahali pake duniani pamepimwa kwa uangalifu mkubwa, na kutoka hapo ndipo ramani, barabara na mipaka ya viwanja huhesabiwa. Pembetatu ni kwa sababu zamani walipima kwa kulenga kutoka kilele hadi kilele, wanafunga pembetatu juu ya pembetatu. Namba iliyogongwa ni jina la kituo. Nchi nyingi sheria inaadhibu anayeing'oa.

Bi Subira: Nilisema kuna mtu alikiweka.

Mtazamaji: Naondoa neno chai. Lakini "shambani" imekuwa "mpaka haueleweki" mbele ya macho yetu, hilo nalibakiza.

Mchimba Kimya: Sasa wakuu, brasi nayo si ina soko? Maana kuna mtu wa vyuma chakavu ameshanipa advansi. Nikirudisha itaonekana mimi ni mtu wa ajabu. Kitu kilikuwa kimetelekezwa, majani yamekifunika, hakuna hata kibao. Serikali ingekuwa inakihitaji si ingekuja kukitazama?

Fundi Tupa: Mnunuzi mwenye akili akiona namba zilizogongwa hakigusi. Asiye na akili atakutaja jina akikamatwa. Chagua.

Kipanga: Ila yeye hakujua. Nani kati yetu angejua?

Nyundo: Aliyevunja zege kwa nyundo alijua kitu fulani.

Mchimba Kimya: Basi nikirudishe usiku, nimwage zege jipya, yaishe. Shimo bado lipo wazi. Na nikishafika hapo si vibaya nikiangalia chini kidogo, kuna kitu kigumu tena nilikigusa kwa jembe.

Pima Kwanza: Usiguse! Vituo vingi vya namna hiyo viliwekewa alama ya pili chini ya ile ya juu, kwenye mstari uleule wa wima, kwa ajili ya siku kama hii. Ikiwa bado haijasogea, mpimaji anaweza kukirudisha kituo mahali pake. Ukiing'oa na hiyo, umemaliza. Na usikirudishe kwa macho. Alama iliyokosewa kwa upana wa kidole ni mbaya kuliko alama iliyopotea, maana iliyopotea kila mtu anajua imepotea, iliyokosewa watu wataipimia. Fukia shimo taratibu kwa udongo uleule bila kushindilia, rudisha advansi, nenda ofisi ya upimaji ardhi ukiwa na sahani mkononi na ile namba. Anayekuja mwenyewe hupokewa tofauti na anayefuatwa. Jina la kituo likiwa kamili wanalipata kwenye kumbukumbu zao haraka.

Mchimba Kimya: Na kama namba haiko kamili?

Pima Kwanza: Kivipi?

Mchimba Kimya: Yule mnunuzi alitaka sampuli. Tulikata kipande kidogo pembeni kwa msumeno wa chuma. Kimeondoka na tarakimu mbili.

Pima Kwanza: Kipigie simu hicho kipande kabla ya kulala.

Kipanga: Wakuu, na mimi nina bomba fupi la shaba nimelikuta bustanini...

Ticha Mizani: Fungua uzi wako.