Wauza baiskeli Dodoma, semeni wati za dinamo kabla hamjachukua hela zetu

Wakuu, nina hasira.

Napeleka maziwa kwa baiskeli kutoka Ihumwa hadi Majengo. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri, giza totoro, malori ya barabara ya Dar yananivumia mgongoni. Dinamo ya taa, ile ya kusugua tairi, nimeitumia miaka. Ikilowa tu inateleza, na tairi inaliwa ubavuni. Nikasema basi, nichukue habu (kitovu cha gurudumu) yenye dinamo ndani. Dukani nimeuliza mara mbili: ni wati 3? Muuzaji akaapa. Nikatoa elfu 95.

Kwa fundi ndiyo balaa. Habu ina matundu 36 ya spoku, ringi yangu 32. Nikanunua ringi nyingine. Spoku zangu nazo hazikufaa, habu ya dinamo ni nene, inataka fupi zaidi. Weka na hela ya kusuka. Mtu aliyeniona na baiskeli yangu pale dukani alishindwa nini kuhesabu matundu?

Usiku wa kwanza taa ya mbele hafifu, ya nyuma kama kaa linalozimika. Nikabandua stika ya bei iliyogandishwa kwenye habu. Chini yake: 6V 2.4W. Balbu ya mbele inakula 2.4, ya nyuma 0.6, jumla 3. Hiyo niliyouziwa inatosha taa moja tu! Nimerudi, naambiwa mali ikishasukwa hairudishwi. Na stika waliibandika wao.

Msitegemee jina pia. Shimano wenyewe, wale Wajapani wa vipuri vya baiskeli, wametengeneza za wati 1.5, 2.4 na 3, na kwa macho huzitofautishi. Dinamo ya SON ya Ujerumani ni nzuri sana, ila bei yake kwangu ni ndama mzima. Shimano ya wati 3, hata ya mtumba, ingenitosha kabisa, pamoja na taa yenye kapasita, kile kidude kinachotunza umeme kidogo taa iendelee kuwaka, maana gurudumu likisimama umeme hakuna, na ukisimama gizani lori liko nyuma yako.

Hili si suala la urembo wa baiskeli. Mtu akikudanganya kwenye taa amekuweka barabarani bila kuonekana.

Aliyefunga ya wati 3, matundu 36, hapa Dodoma, aniambie kaipata wapi na kwa bei gani. Kesho saa kumi natoka tena, tochi nimeifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu.