"Bridge" au "breach the gap"?

Wakuu, naandika andiko la kuombea fedha za bweni la wasichana. Nimeweka "breach the gap between girls and boys". Mwenzangu anasema ni "bridge". Nani yuko sahihi?

— Mwenzako. "Bridge" ni kuunganisha pande mbili, kama daraja; "breach" ni kubomoa, kama ukuta. Pengo halibomolewi.

— Ila hata ukiweka "bridge", pengo la nini? Ufaulu? Mahudhurio? Nimesahihisha maandiko mengi ya aina hii na wote wanaliacha likining'inia. Andika "bridge the gap in attendance between girls and boys".

— "Close the gap" je?

— Hiyo inaweza kusomeka kama ahadi kwamba pengo litakwisha kabisa. Kwa bweni moja? Mfadhili atakuuliza.

— Asanteni, naweka "bridge", na mahudhurio.